Orodha Nyekundu ya IUCN: nimeijaribu kwa taa mmoja na mtapo mmoja

Orodha Nyekundu ni ile orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inayopima kila spishi ina hatari kiasi gani ya kutoweka. Watu wengi wanaijua kwa zile herufi mbili tu, VU (dhaifu), EN (hatarini), CR (hatarini sana), wanazikuta pembeni ya picha ya mnyama na wanaishia hapo. Mimi nataka kuiongelea kama huduma, yaani saiti unayoingia ukiwa na swali na unatakiwa utoke na jibu. Na swali nililoipa ni gumu makusudi: niweke samaki na mmea, viumbe ambavyo havifanani kwa lolote, alafu nione kama mfumo mmoja unaweza kuvipima vyote viwili na majibu yakawa na maana.

Nilichagua taa wa Java, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, jina la kisayansi Urolophus javanicus, na mtapo wa Wood, mmea wenye majani kama ya mchikichi, Encephalartos woodii. Sababu ni kwamba kila kimoja sayansi imekijua kwa kiumbe kimoja tu. Taa ni jike mmoja, urefu sentimita 33, aliyechukuliwa soko la samaki la Jakarta, Indonesia, mwaka 1862, enzi hizo mji unaitwa Batavia. Mtapo ni dume mmoja, uliokutwa mwaka 1895 kwenye mteremko pembeni ya msitu wa oNgoye kule Afrika Kusini. Jike mmoja, dume mmoja, na toka hapo hakuna mtaalamu aliyewahi kumwona mwenzake wa yeyote kati yao. Orodha inamweka taa kwenye EX, ametoweka kabisa, na mtapo kwenye EW, umetoweka porini ila upo kwenye bustani. Ngazi mbili zinazofuatana. Ukisoma haraka utasema mtapo una nafuu kuliko taa, na mimi baada ya kukaa na hizi kurasa mbili sikubaliani na usomaji huo, sio kwamba orodha imekosea, ni sisi tunaosoma herufi mbili na kufunga ukurasa.

Kwanza huduma yenyewe. Ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara, unaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia na unapata ukurasa wa spishi. Juu kuna alama ya hadhi, chini kuna uainishaji, ramani, hali ya idadi kama inapanda au inashuka, makazi, vitisho, matumizi na biashara, hatua za uhifadhi, na kitu ambacho mimi naona ndio moyo wa saiti nzima, maelezo ya kwa nini wamefikia uamuzi huo pamoja na majina ya waliofanya tathmini na waliohakiki, na tarehe. Ukitaka kushusha data nzima nzima, kwa mfano ramani zenyewe, unafungua akaunti na kueleza utaitumia kufanya nini. Orodha ilianza 1964, IUCN yenyewe ni ya 1948, na sasa hivi kuna spishi zaidi ya 160,000 zilizopimwa. Kwa ukubwa huo inafunguka vizuri sana hata kwenye simu.

Sasa uainishaji. Taa anakuja hivi: Animalia, Chordata, Chondrichthyes ambao ni samaki wa gegedu wasio na mifupa migumu, oda ya Myliobatiformes, familia ya Urolophidae. Hapa ukurasa ungesaidia zaidi kama ungeeleza kidogo, kwa sababu mtu akisikia taa anawaza wale wa mkia mrefu kama mjeledi, wa familia ya Dasyatidae, kumbe hawa wa Urolophidae ni wadogo, wa duara duara, mkia mfupi ambao mwishoni una pezi la kweli lenye umbo la jani. Huyu wa Java mwili wake ulikuwa wa yai, mrefu kuliko upana, rangi ya kahawia na vidoa vyeusi na vyeupe, na kapezi kadogo mgongoni kwa mkia kabla ya mwiba. Hayo yote yanajulikana kutokana na mwili mmoja uliohifadhiwa. Inanishangaza kila nikifikiria, spishi nzima, na kila tunachojua kuhusu umbo lake kimetoka kwa samaki mmoja wa sokoni.

Mtapo unakuja hivi: Plantae, Tracheophyta, Cycadopsida, oda ya Cycadales, familia ya Zamiaceae. Watu wengi wanadhani mitapo ni michikichi au ni aina fulani ya mkangaga mkubwa kwa sababu ya majani, lakini hapana, hii ni mimea ya mbegu isiyotoa maua, inazaa kwa koni, na ipo karibu zaidi na misonobari kuliko mnazi. Jambo la kushika hapa, kwa sababu litarudi, ni kwamba kila mmea ni dume au jike, hakuna mmea mmoja wenye vyote viwili. Dume linatoa koni za chavua, jike koni za mbegu, na bila mmoja hakuna mwingine.

Kitu ambacho wanaoanza kinawachanganya, na saiti haikielezi, ni kwamba ngazi zinafanana majina ila sheria za kutaja majina ni mbili tofauti. Wanyama wana kanuni yao ya kimataifa, na mimea ina yake inayojumuisha mwani na kuvu. Ndio maana taa anaandikwa Martens 1864 ndani ya mabano, maana yake von Martens alimwelezea kwanza chini ya jenasi nyingine, Trygonoptera, alafu baadaye akahamishiwa Urolophus. Mtapo unaandikwa Sander bila mabano, maelezo ya 1908, jenasi ni ile ile toka siku ya kwanza. Kwenye mimea spishi ikihamishwa jenasi, jina la aliyeielezea kwanza linabaki kwenye mabano na linafuatiwa na jina la aliyeihamisha, wanyama hawaweki la pili. Ni kijambo kidogo lakini ukijua kusoma mabano unaona historia ya spishi kabla hata hujasoma aya moja.

Nje ya hawa wawili nikamjaribu pia taa mkubwa wa maji baridi, Urogymnus polylepis, maana nilitaka kuona saiti inafanyaje na majina yaliyobadilika. Huyu alielezewa na Bleeker mwaka 1852, alafu mwaka 1990 wataalamu wengine wakamwelezea upya kama Himantura chaophraya, ikaja kugundulika ni yule yule, na mwaka 2016 akahamishiwa Urogymnus. Majina ya zamani yameorodheshwa kwenye ukurasa wake, kwa hiyo mtu aliyesoma kitabu cha miaka ya tisini hapotei. Ni EN, na ni kiumbe cha ajabu, Juni 2022 kule Kambodia kwenye mto Mekong alipatikana mmoja wa kilo 300, urefu karibu mita nne, akapimwa na kurudishwa majini akiwa hai. Samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi waliowahi kurekodiwa, na bado yupo kwenye kundi la hatarini.

Turudi kwa taa wa Java, kwa sababu ukurasa wake ndio ulionifanya niipe hii huduma alama za juu. Desemba 2023 ndipo alipotangazwa ametoweka, kazi iliyoongozwa na watafiti wa Charles Darwin University ya Australia, na ni samaki wa kwanza wa baharini kutangazwa ametoweka kwa sababu ya shughuli za binadamu. Kabla ya hapo alikuwa CR. Sasa jiulize, unathibitishaje kwamba samaki mdogo wa mchangani, ambaye mara ya mwisho alionekana 1862, hayupo tena? Bahari ni kubwa. Sheria ya IUCN kwa EX haina namba, haisemi miaka 50 wala 100, inasema kusiwe na shaka ya msingi kwamba wa mwisho amekufa, na uwe umetafuta vya kutosha kwenye makazi yake anayojulikana na anayotarajiwa, kwa nyakati zinazofaa, na kwa muda unaoendana na maisha ya kiumbe mwenyewe. Hiyo sehemu ya mwisho mimi naipenda mno. Muda wa kutafuta samaki anayeishi miaka michache sio sawa na muda wa kutafuta mti unaoishi karne.

Na hoja zao zimekaa vizuri. Pwani ya kaskazini ya Java imevuliwa kwa nguvu na bila udhibiti wa maana kwa muda mrefu sana, samaki wa pwani walikuwa wameshaanza kupungua toka miaka ya 1870. Ghuba ya Jakarta imezungukwa na viwanda, makazi ya chini yameharibika miaka na miaka. Na masoko ya samaki yamekaguliwa sana, kwa muda mrefu, na watu wanaojua kutofautisha taa na taa, wakapata spishi nyingine kibao ila huyu hapana. Ongeza kwamba taa wa familia hii wanazaa watoto hai na wachache kwa mara moja, hawatagi maelfu ya mayai kama samaki wengi, kwa hiyo ukiwavua kwa kasi hawana namna ya kujaza pengo. Yote haya yapo kwenye maelezo, mtu akitaka kubishana na uamuzi anajua abishane na sentensi ipi. Hii ndio maana ya huduma nzuri ya taarifa, haikuambii amini, inakuonyesha njia waliyopita.

Kuna kitu kinauma pale. Sayansi ilimjua huyu taa kwa karne moja na nusu na ushee, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kuandika anakula nini, anazaa watoto wangapi, anakaa kina gani. Jina lipo, mwili upo, maisha yake hayapo popote.

Mtapo wa Wood ni kinyume chake, kila hatua imeandikwa. John Medley Wood, mtaalamu wa mimea, aliukuta 1895, kichaka kimoja chenye mashina kadhaa. Machipukizi yakachukuliwa, moja likafika bustani ya mimea ya Kew kule Uingereza mwaka 1899. Mwaka 1903 msaidizi wake James Wylie akachukua mengine kwa ajili ya bustani ya mimea ya Durban, mwaka 1907 akarudi akachukua mashina mawili makubwa, na mwaka 1916 shina la mwisho lililobaki likang'olewa na kupelekwa Pretoria kwa kuhofia lisije likaharibiwa. Toka hapo porini hakuna. Yaani mmea huu haukuishia porini kwa ukame wala moto, shina la mwisho limeondolewa na watu waliotaka kuuokoa, na kwa kweli siwalaumu, bila wao leo tungekuwa tunaongelea EX mbili.

Leo ipo kwenye bustani nyingi za mimea na kwa wakusanyaji duniani, mizuri kweli, majani ya kijani kibichi yanayong'aa na koni za rangi ya chungwa. Ule wa Kew ulitoa koni kwa mara ya kwanza mwaka 2004, zaidi ya miaka 100 baada ya kufika. Lakini yote, kila mmoja, ni machipukizi ya ule ule wa 1895, nakala za dume moja. Hakuna jike. Unaweza kuwa na mitapo ya Wood elfu na bado una mmea mmoja tu kwa upande wa vinasaba. Wametumia chavua yake kwa jike la spishi ya jirani, Encephalartos natalensis, mbegu zikapatikana na watoto wana uwezo wa kuzaa, na ukiendelea kuwarudishia chavua ya Wood kizazi baada ya kizazi wanasogea karibu nayo, ila mtapo halisi kwa asilimia mia hawawi. Miaka ya karibuni watafiti wa University of Southampton wametumia droni na akili mnemba kuchambua picha za msitu wa oNgoye wakitafuta jike, na hadi walipotangaza hiyo kazi mwaka 2024 walikuwa wamepita sehemu ndogo sana ya msitu. Natamani kwa moyo wote walipate.

Kwa hiyo sasa zile herufi. EW kwa maana ya kanuni iko chini ya EX kwa ukali, na ni sahihi, mmea uko hai. Lakini EW hiyo hiyo inabeba spishi yenye makumi ya wazazi kwenye bustani ambayo kesho unaweza kuirudisha porini, na inabeba pia mtapo huu ambao hauwezi kutoa hata mbegu moja ya kwake. Alama haitofautishi. Maandishi chini yake ndio yanatofautisha, na ndio maana nasisitiza, ukiingia hii saiti shuka chini, usiishie kwenye duara la rangi.

Hapo ndipo naona pungufu la kwanza. Mfumo umejengwa kwa ajili ya kupima hatari ya kutoweka, na kwa hilo uko imara, vigezo vitano kuanzia A mpaka E vinatumika kwa mnyama, mmea na kuvu sawasawa. Idadi ikishuka asilimia 80 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kipi ni kirefu, na kilichosababisha bado kinaendelea, ni CR. Waliokomaa wakiwa chini ya 50 ni CR. Kizazi kwa taa mdogo ni miaka michache, kwa mtapo ni miongo, na hiyo kanuni ya vizazi vitatu inarekebisha tofauti hiyo kwa akili sana, bila hiyo usingeweza kabisa kuweka samaki na mti kwenye mizani moja. Ila uwezo wa kupona ni swali lingine. IUCN wenyewe wameliona na wameanzisha kipimo cha pili kinachoitwa hadhi ya kijani, kinachoangalia spishi imepona kiasi gani na uhifadhi umesaidia nini, ila bado spishi zilizopimwa huko ni chache mno ukilinganisha na orodha kuu.

Pungufu la pili ni upande wa mimea. Papa na taa wote wamepimwa kwa ujumla wao, zaidi ya mara moja, ripoti ya 2021 ilionyesha zaidi ya theluthi yao wako hatarini na sababu kuu ni uvuvi uliopitiliza. Mitapo nayo imepimwa kama kundi, na zaidi ya theluthi mbili iko hatarini, ni kati ya makundi ya mimea yaliyo kwenye hali mbaya kuliko yote. Lakini toka nje ya mitapo, miti na makundi machache, uingie kwenye mimea ya kawaida, utaandika jina na usipate kitu. Mimea yenye mishipa inakadiriwa kuwa kama 350,000 na mingi haijapimwa kabisa. Naomba sana mtu asichukue ukimya huo kama habari njema, kutokuwepo kwenye orodha maana yake ni hakuna aliyeangalia. Na kuna ile alama ya DD, data haitoshi, ambayo nayo watu wanaisoma kama usalama wakati mara nyingi ni kinyume.

La tatu ni umri wa tathmini. Kurasa nyingine zina tarehe ya zaidi ya miaka kumi nyuma, saiti inakuonya kwamba inahitaji kufanywa upya, na onyo lipo wazi ila mtu mwenye haraka analipita. Angalia tarehe kabla ya kunukuu popote. Na la nne, lugha, unaweza kuisoma kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kiswahili hakuna, na wavuvi na watu wa misitu wanaokutana na hizi spishi kila siku ndio wangefaidika zaidi, hili mimi linanikera kweli.

Ushauri wangu kwa anayetaka kufanya ulinganisho kama huu: hadhi chukua Orodha Nyekundu, ila majina usiitegemee peke yake. Kwa samaki fungua Eschmeyer's Catalog of Fishes ya California Academy of Sciences, kwa mimea fungua Plants of the World Online ya Kew, hao wanafuatilia mabadiliko ya majina kwa karibu zaidi. Na kama kiumbe kinauzwa, angalia CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, kivyake, kwa sababu hadhi ya hatari na sheria ya biashara ni vitu viwili. Jenasi yote ya Encephalartos ipo Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, chenye masharti makali kuliko vyote, kwa hiyo hata spishi yake iliyo salama kiasi huwezi kuivusha mpaka kienyeji, wizi wa mitapo kwa ajili ya wakusanyaji ni tatizo kubwa. Taa wa Java hayumo humo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata wakiipima mimea kwa bidii ile ile waliyoipima papa na taa.